Ugumu wa Kusema La

Katika mtaa wa Marshalltown, ndani ya jiji la Johannesburg, lipo jengo la ghorofa tano, namba 80 barabara ya Albert, ambalo ulimwengu ulilisikia kwa huzuni tarehe 31 Agosti 2023, lilipowaka moto usiku na kuwaua watu wasiopungua 76, wengi wao maskini waliotoka nchi za mbali, Watanzania wakiwamo. Walakini wazee wa jiji hilo walikuwa wakilijua jengo hilo tangu miaka ya hamsini kwa sababu nyingine kabisa. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya vipande, mahali ambapo mwanamume wa Kiafrika aliyetaka kukaa na kufanya kazi Johannesburg alilazimika kwenda, kusimama katika foleni tangu alfajiri, kukaguliwa mwili pamoja na wenzake kama ng'ombe wa mnadani, kisha kumkabidhi karani kitabu chake ili kigongwe muhuri wa idhini, au, ikiwa bahati haikumwelekea, kigongwe muhuri wa kumwondoa mjini; kwa maana sheria haikumruhusu Mwafrika asiye na idhini kukaa humo zaidi ya saa 72.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuelezwa kipande ni nini. Babu zetu wa Kenya walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati tangu mwaka 1920 au karibu na hapo, na Machi 1922 watu walipigwa risasi mjini Nairobi walipokusanyika kudai Harry Thuku, aliyekilaumu kipande hicho hadharani, afunguliwe. Lakini kipande cha Afrika ya Kusini kilipevuka kuliko cha kwetu. Sheria ya mwaka 1952, ambayo anwani yake, kwa dhihaka iliyokusudiwa au isiyokusudiwa, ilitangaza kwamba inavifuta vipande, ilivikusanya vyote katika kitabu kimoja ambacho kila Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa nacho mchana na usiku, na mwishoni mwa miaka ya sitini watu waliofikishwa mahakamani kwa makosa ya vipande walipindukia laki tano kwa mwaka mmoja.

Swali linalomkabili anayezisoma habari hizi leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: kwa nini foleni ile ilisimama? Waliokuwa nje, katika baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, walikuwa mamia. Makarani waliokuwa ndani wakihesabika kwa vidole. Jibu la haraka ni hofu, na hofu ilikuwapo, tena hofu ya haki, kwa sababu nyuma ya karani alikuwako polisi, na nyuma ya polisi ilikuwako jela ya Number Four, juu ya kilima kilekile ambapo leo imejengwa Mahakama ya Katiba. Aliyepoteza muhuri alipoteza mshahara, na aliyepoteza mshahara alipoteza chakula cha wanawe. Simwoni mtu mwenye haki ya kumlaumu baba aliyesimama katika foleni ile.

Ila hofu humweleza aliye nje ya dirisha. Haimwelezi aliye ndani yake. Karani hakuogopa kufungwa. Daktari aliyewakagua watu kwa makundi hakutishwa na mtu. Hakimu aliyezimaliza kesi za vipande kwa dakika chache kila moja alikuwa mtu msomi, mwenye joho, mwenye kwenda kanisani siku ya Jumapili. Na polisi waliozunguka mitaani wakidai vitabu, wengi wao walikuwa Waafrika, ambao wao wenyewe walikuwa na jamaa zao katika foleni. Mashine hiyo kubwa iliendeshwa na mikono ya watu wa kawaida, na kila mkono ulifanya tendo dogo tu, kugonga muhuri, kufungua lango, kuandika jina. Ni katika mikono hiyo lilimo fumbo la utii.

Mwaka 1961, mwaka ambao Adolf Eichmann alikuwa akihukumiwa mjini Jerusalem kwa sehemu yake katika mauaji ya Wayahudi, kijana mmoja mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, jina lake Stanley Milgram, mwana wa Wayahudi waliohamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki, aliazimia kulichungua fumbo hili kwa jaribio. Aliwaita wanaume wa kila kazi, akawalipa dola 4 na senti 50 za nauli, akawaambia kwamba wanasaidia utafiti wa jinsi adhabu inavyosaidia kumbukumbu. Mmoja aliwekwa kuwa mwalimu, mwingine akafungwa katika kiti chumba cha pili kuwa mwanafunzi, na kila mwanafunzi alipokosa, mwalimu alitakiwa kubonyeza swichi ya umeme, akianza na volti 15 na kupanda kidogo kidogo hadi 450. Umeme haukuwapo, na mwanafunzi alikuwa mtu wa Milgram aliyejua mchezo wote. Lakini mwalimu hakulijua hilo. Alimsikia mwenzake akiupiga ukuta kwa kishindo, kisha akasikia kimya. Kando yake alikuwa amesimama mtu aliyevaa koti la kijivu la maabara, bila silaha, bila kelele, akimwambia kwa upole kwamba kazi yahitaji aendelee.

Madaktari wa akili walipoulizwa kabla ya matokeo kujulikana, walikisia kwamba pengine mtu mmoja katika elfu angefika mwisho. Katika jaribio la kwanza walifika mwisho watu 26 kati ya 40. Na hili ndilo la kuzingatia: hawakufika kwa furaha. Walitokwa jasho, walitetemeka, wengine walishikwa na kicheko cha ajabu kisichokuwa na mzaha ndani yake, walimgeukia yule wa koti wakamsihi akamtazame mwenzao. Na baada ya kusihi wakabonyeza swichi iliyofuata. Ulimi ulikataa na kidole kikatii.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba jaribio hilo lilirudiwa Johannesburg. Mwaka 1969 wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walilifanya chuoni hapo, wakaandika ripoti ambayo haikuchapishwa kitabuni, na idadi waliyoipata ya waliotii mpaka mwisho ilikuwa 87.5 kwa mia, yaani saba katika kila wanane, ambayo ni miongoni mwa idadi za juu kuliko zote zilizopatikana popote jaribio hilo liliporudiwa. Waliojaribiwa walikuwa wachache mno, na mtu mwenye insafu hawezi kuijenga juu ya wachache hao hukumu ya taifa zima. Lakini anayelijua jiji hilo hawezi kuisoma hesabu ile bila kushtuka, kwa sababu ya chuo chenyewe na mwaka wenyewe.

Chuo hicho kilikuwa kimefungiwa wanafunzi Weusi, isipokuwa wachache waliopata kibali cha waziri, kwa sheria ya mwaka 1959. Na katika miaka ya hamsini alikuwa akifundisha hapo lugha za Kiafrika bwana mmoja mpole, mrefu, mwenye kusema taratibu, Robert Sobukwe, ambaye mwezi Machi 1960 aliandika barua ya kuiacha kazi hiyo ya heshima na yenye mshahara, akakiacha kipande chake nyumbani, na asubuhi ya tarehe 21 akatembea kwa miguu katika vitongoji vya Soweto, yeye na wenzake, mpaka kituo cha polisi cha Orlando, kuwaambia askari kwamba hawana vipande na wakamatwe. Alikuwa amewaagiza wafuasi wa chama chake wasiombe dhamana, wasiweke wakili, wasilipe faini. Siku hiyohiyo huko Sharpeville, kusini mwa Johannesburg, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuja kwa madhumuni yaleyale, wakawaua 69 kwa hesabu ya serikali. Sobukwe alifungwa miaka mitatu, na muda ulipokwisha Bunge likatunga kifungu cha sheria kilichotumika kwake peke yake, akawekwa kisiwani Robben miaka sita zaidi bila kesi, hata alipotolewa na kupelekwa Kimberley kukaa chini ya amri ya kutotoka, mwaka ulikuwa 1969. Mwaka mmoja huo, basi, mwalimu wa zamani wa chuo alikuwa akimaliza kulipa bei ya kusema la, na wanafunzi wa chuo wakiandika katika madaftari yao jinsi neno hilo lilivyo adimu.

Turejee kwa Milgram, maana alilofanya baada ya jaribio la kwanza lina faida kuliko lile la kwanza lililompa sifa. Aliligeuzageuza. Alipompa mtu kazi ya pembeni tu, ya kusoma maswali, huku swichi ikibonyezwa na mwingine, watu 37 kati ya 40 waliendelea mpaka mwisho bila kuizuia. Alipowaweka kando ya mwalimu walimu wengine wawili ambao, kwa siri waliyopanga naye, waliinuka katikati na kukataa, watu 4 tu kati ya 40 walifika mwisho. Na alipowaweka watu wawili wa makoti, mmoja akisema endelea na wa pili akisema acha, hakuna hata mmoja aliyeendelea. Wachunguzi waliokuja baadaye wameongeza jingine: jaribio lilipokuja kurudiwa Marekani kwa uangalifu zaidi, kila aliyefikia kuambiwa kwa ukali kwamba hana hiari, sharti aendelee, aliacha. Amri iliyovuliwa nguo ilikataliwa. Waliotii walikuwa wakiitikia jambo jingine lililofunikwa na amri, nalo ni imani kwamba kazi ile ina maana, kwamba mwenye koti anajua, kwamba si adabu kuivuruga shughuli ya watu waungwana ambayo mwenyewe umekwisha kukubali kuianza.

Nadhani hapa ndipo karani wa barabara ya Albert anapoanza kueleweka. Yeye alikuwa katika hali ya wale 37: hakumpiga mtu, aligonga muhuri. Alikwisha kuambiwa, na akasadiki, kwamba bila vipande mji ungevurugika, na neno hilo la utaratibu lilimtosha kuwa koti la kijivu. Tena hakuanza na volti 450. Alianza na kuandika jina la mtu. Kesho akamnyima mtu idhini kwa sababu karatasi moja imekosekana. Na siku alipotakiwa kumwondoa mjini mwanamume aliyekaa humo miaka minane, hakuona tofauti ya haja baina ya tendo hilo na la jana, na kulikataa leo kungekuwa ni kukiri kwamba jana na juzi alikuwa akidhulumu. Kila tendo la utii humweka mtu rehani kwa tendo linalofuata. Ndiyo maana aghalabu wanaokataa hukataa mapema, katika hatua za mwanzo, na anayengoja mpaka dhuluma iwe dhahiri hukuta mkono wake umekwisha kuizoea.

Utii wa namna hii haukomi kwenye karatasi. Mwaka 1968 lilifunguliwa Johannesburg jengo kubwa la polisi lililoitwa John Vorster Square, na tarehe 27 Oktoba 1971 mwalimu wa shule aliyeitwa Ahmed Timol, mwenye umri wa miaka 29, alianguka kutoka ghorofa ya kumi baada ya siku chache za kuhojiwa. Hakimu aliyechunguza kifo hicho mwaka 1972 alitamka kwamba marehemu alijiua. Mamaye alikwenda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1996 kuueleza msiba wake. Na ni mwaka 2017 tu ambapo Jaji Billy Mothle, baada ya uchunguzi kufunguliwa upya, aliamua kwamba Timol aliuawa. Fikiri ni watu wangapi walipaswa kunyamaza ili uwongo mmoja uishi miaka 45: waandishi wa taarifa, wapiga chapa, wafagiaji wa vyumba, waliotia saini na walioweka muhuri. João Rodrigues, karani wa polisi aliyesema kwamba alikuwamo chumbani Timol alipoanguka, alishtakiwa mwaka 2018 akiwa mzee, naye akayakana mashtaka, akafariki mwaka 2021 kesi haijasikilizwa.

Sasa upande wa pili. Maadamu utii una nguvu kiasi hicho, imekuwaje Johannesburg, katika miji yote, ikawa mojawapo ya shule kubwa za kukataa katika karne iliyopita? Wapo wanaojibu kwa kutaja majina ya mashujaa, kana kwamba ujasiri ni kipaji kama sauti nzuri, ambacho wengine huzaliwa nacho na wengine hawazaliwi nacho. Mimi siamini hivyo. Habari zenyewe zaonyesha kwamba ni mara chache mno mtu kutoka katika utii akaingia katika uhuru mtupu. Anachofanya ni kubadili anayemtii. Huondoka chini ya amri moja akajifunga kwa ahadi nyingine, pamoja na wenzake, na ahadi hiyo humshika kwa nguvu ileile ambayo amri ilikuwa imemshika nayo.

Tazama tarehe 11 Septemba 1906, katika ukumbi wa Empire, ambako Wahindi wa Transvaal wapatao elfu tatu walikusanyika kuupinga mswada uliotaka waandikishwe kwa alama za vidole. Azimio la kutotii lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lingepitishwa kwa kunyoosha mikono kama maazimio yote ya dunia yanavyopitishwa na kusahauliwa. Ndipo mfanyabiashara Haji Habib aliposimama akasema kwamba wale yamini, wamshuhudize Mungu. Gandhi, aliyekuwa wakili kijana wa mji huo, alistuka, akainuka kuwaeleza kwamba azimio laweza kubadilishwa na wengi lakini yamini humfunga mtu peke yake mpaka kufa, hata wenzake wote wakirudi nyuma, na asiyejiweza asiape. Wakaapa. Sheria ilipopitishwa mwaka uliofuata, kati ya watu zaidi ya elfu kumi waliotakiwa kujiandikisha, waliokwenda walikuwa kama mia tano tu.

Na yamini ile ilikuwa na makali pande zote mbili. Mapema mwaka 1908 Gandhi, akiwa ametoka jela ya Fort baada ya kupatana na Jenerali Smuts wa serikali ya Transvaal, aliwaambia watu kwamba sasa waweza kujiandikisha kwa hiari. Tarehe 10 Februari, alipokuwa akienda ofisini kuwa wa kwanza, alipigwa njiani mpaka akazirai na Mir Alam, Mpathani aliyeona kwamba kiongozi wake ndiye mwenye kuivunja yamini. Smuts alipoonekana kuwa hakuitimiza ahadi yake, watu walirudi katika kukataa, na tarehe 16 Agosti 1908, nje ya msikiti wa Hamidia huko Newtown, zaidi ya vyeti elfu mbili vilitiwa katika sufuria kubwa ya chuma, vikamiminiwa mafuta na kuchomwa. Lazima niseme pia kwamba mapambano hayo yalikuwa ya Wahindi kwa ajili ya Wahindi; Mwafrika, aliyekuwa akibeba vipande tangu zamani, hakuhesabiwa ndani yake.

Kukataa kunataka unga pia. Waliofungwa waliacha wake na watoto, na mwaka 1910 msanifu majengo Hermann Kallenbach alilitoa shamba lake la eka 1,100 nje ya Johannesburg, likaitwa Tolstoy, familia za wafungwa zikakaa humo zikilima, zikishona makubadhi na kuoka mikate. Wanahistoria huyapenda mahubiri ya shamba lile. Mimi naipenda zaidi mikate yake, kwa sababu mfungwa mwenye kujua kwamba wanawe wamekula hawezi kuvunjwa upesi.

Serikali zenyewe zilijua siri hii ya ushirika kuliko wanafalsafa. Tarehe 26 Juni 1952 ilianza kampeni ya kuzikaidi sheria za ubaguzi, na huko Boksburg, mashariki ya Johannesburg, Walter Sisulu na mzee Nana Sita waliliongoza kundi lililoingia katika mtaa wa Waafrika bila kibali. Wengine wakapita katika milango ya stesheni iliyoandikwa ya Wazungu, au wakatembea usiku baada ya saa zilizokatazwa, na kabla ya kampeni kwisha watu zaidi ya elfu nane walikuwa wamefungwa. Waliojitolea walijiandikisha kama askari, waliwekwa chini ya viongozi, na walikubali kutojibu tusi wala kofi. Jibu la Bunge la mwaka 1953 lastahili kusomwa na kila mtu anayependa kujua mtawala huogopa nini. Aliyepita katika mlango usiokuwa wake kwa kusahau alibaki na faini yake ndogo. Bali aliyepita mlango huohuo kwa nia ya kuipinga sheria aliweza kupewa miaka mitatu na viboko kumi, na aliyemshawishi mwenzake akapewa zaidi. Tendo lilikuwa lile lile. Kilichotozwa kodi hiyo nzito kilikuwa nia, na ushirika.

Miaka minne baadaye watu wa Alexandra, nauli ya basi ilipopandishwa kutoka peni 4 hadi 5, waliyaacha mabasi tangu Januari mpaka Aprili 1957, wakaenda mjini kwa miguu kilomita zipatazo kumi na tano asubuhi na vivyo hivyo jioni, wafua nguo na watumishi wa nyumbani na wabeba mizigo, mpaka nauli ya zamani ikarudi. Peni moja ni kitu kidogo, lakini mtu aliyeona barabara nzima imejaa jirani zake wanaotembea, kupanda basi tupu kwake kulikuwa na uzito kuliko kutembea. Na watoto wa Soweto waliotoka madarasani tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans walikuwa na faida moja ambayo wazee wao hawakuwa nayo: walikuwa hawajasimama bado katika foleni ya barabara ya Albert. Wengi waliokimbia baada ya risasi za siku zile walipokelewa Tanzania, na baadhi yao wakamalizia masomo yao Mazimbu, Morogoro.

Hata kwa waliopendelewa na utawala ule kanuni haikubadilika. Vijana wa Kizungu walilazimika kulitumikia jeshi, na mwezi Julai 1988 mahakama ya Johannesburg ilimhukumu David Bruce, mwanafunzi wa zamani wa Witwatersrand ambaye mamaye alikuwa mkimbizi kutoka Ujerumani ya Wanazi, kifungo cha miaka sita kwa kukataa. Hukumu ilikusudiwa kuwatisha wengine. Siku chache baadaye wanaume 143 walitangaza kwa pamoja kwamba nao hawatakwenda, na mwaka uliofuata wakawa 771. Mwenye kukumbuka wale walimu wawili wa Milgram walioinuka katikati ya kazi hatashangaa.

Lakini dawa hii yaweza kuwa sumu, na si uaminifu kuificha. Katika miaka ya themanini, watu wa vitongoji walipokubaliana kutonunua katika maduka ya Wazungu, walikuwako vijana waliosimama vituoni kuwapekua mama wazima, na aliyekutwa na mafuta ya kupikia aliyanywa, aliyekutwa na sabuni aliila. Na waliotuhumiwa kuwa wapelelezi walivikwa matairi na kuchomwa moto mbele ya halaiki ambayo ndani yake, sina shaka, walikuwamo wengi waliochukizwa na wasiothubutu kusema la. Ushirika uliowawezesha watu kuikataa amri ya karani uliwafanya washindwe kuikataa amri ya umati.

Waliotunga Katiba ya mwaka 1996 walikuwa na mambo haya akilini, kwani waliandika katika kifungu cha 199 kwamba hakuna mtumishi wa vyombo vya usalama anayeruhusiwa kutii amri iliyo dhahiri kuwa haramu. Ni maneno mazito: dola inamwamuru askari wake aasi. Walakini tarehe 16 Agosti 2012, huko Marikana, polisi wa nchi hiyohiyo yenye katiba hiyohiyo waliwapiga risasi wachimba madini waliogoma, wakawaua 34, na kifungu kikabaki kitabuni. Neno dhahiri huonekana vizuri mezani kwa jaji. Katika safu ya askari wenye bunduki, amri ikitoka nyuma na wenzako wa kulia na kushoto wakiwa wamekwisha kuinua silaha, hakuna kilicho dhahiri.

Na siku hizi anayejaribiwa zaidi ni yule aliye mezani, penye hundi na mikataba. Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng, aliyahoji malipo ya hospitali ya Tembisa yaliyofika mamia ya milioni ya randi, akataka yasimamishwe. Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake kusini mwa Johannesburg, akafa. Wanaume sita waliokiri kushiriki katika mauaji hayo walihukumiwa vifungo mwaka 2023. Sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda wafichuaji ilikuwapo muda wote huo. Inamkinga mtumishi asifukuzwe kazi wala asionewe na mwajiri wake. Kumpatia wenzake wa kutia saini pamoja naye chini ya karatasi ileile, ili wauaji wasijue waanze na nani, si jambo ambalo Bunge lolote limepata kulitungia sheria.